Anaimba lakini hawezi kuhesabu: kisa cha nyuzi za sauti zinazokakamaa

Mama huyu ana miaka 43 na anauza omena, dagaa wa Ziwa Victoria, kwa jumla mjini Kisumu. Anainunua ikiwa imekauka kwenye fuo za Siaya na Homa Bay, anaipima sokoni Kibuye, kisha anaipakia kwenye basi kwa wateja wake wa Kericho na Nakuru. Biashara yake nusu ni mgongo, nusu ni simu. Kilichomleta kliniki kwetu ni hiyo nusu ya simu. Kwa miaka 3 wateja walikuwa wakimkatia katikati ya maneno wakidhani mtandao ni mbovu. Wengine walipiga tena kumuuliza kama analia, kama kuna msiba nyumbani.

Ameniruhusu kukisimulia kisa chake, na nimebadilisha mambo machache ili asitambulike. Mimi ni afisa wa kliniki upande wa masikio, pua na koo. Nakiandika kwa ajili ya wenzangu walioko kwenye vituo vya magharibi mwa Kenya, na kwa ajili ya yeyote ambaye sauti yake imeanza kumkaba bila sababu inayoonekana.

Alikuja na wifi yake, na wifi ndiye aliyezungumza. Mgonjwa mwenyewe alikuwa ameshaacha kujieleza mbele ya watu. Alinikabidhi vitabu vyake vya kliniki, vile vya mazoezi vya shule ambavyo wagonjwa wetu hubeba kutoka kituo hadi kituo. Vilikuwa 3, vimefungwa kwa mpira. Ndani yake nilihesabu antibayotiki mara 5, omeprazoli ya asidi kwa miezi 6, makohozi ya kifua kikuu yaliyopimwa kwa GeneXpert yakawa safi, kipimo cha HIV safi, tezi ya shingo safi. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na neno moja, “mawazo”, na rufaa ya kwenda kwa mshauri nasaha.

Nami siku hiyo sikufanya bora. Nilimtazama koo kwa kioo, nikaona nyuzi za sauti nyeupe na laini, zikifunguka na kufunga pande zote mbili. Foleni ilikuwa ndefu. Nikaandika dawa ya asidi tena, wiki 6. Naliandika jambo hili kwa sababu ndipo kosa lilipo: nilitumia macho kwa ugonjwa unaotaka masikio.

Neno la wifi

Aliporudi bila nafuu, wifi yake alisema jambo ambalo kumbe walikuwa wakilificha kwa aibu. “Daktari, shida ni kwamba kanisani anaimba vizuri kabisa. Ndiyo maana watu wanasema anajifanya.”

Mgonjwa aliinamisha kichwa. Kwake hiyo ilikuwa kama shitaka linasomwa. Kwangu ilikuwa mara ya kwanza, baada ya vitabu 3 na miaka 3, mtu kunipa dalili ya kweli. Uvimbe kwenye nyuzi za sauti haujui kama unaimba au unaagiza omena. Sauti itakwaruza kote kuwili. Vivyo hivyo kifua kikuu cha kongomeo, yaani kisanduku cha sauti kooni, vivyo hivyo saratani, vivyo hivyo uzi uliopooza. Ugonjwa unaochagua kazi, ukaharibu kuongea na kuuacha wimbo, haukai kooni. Unakaa kwenye amri zinazotoka ubongoni kwenda kooni.

Nikafunga mlango, nikawasha kinasa sauti cha simu yangu kwa ridhaa yake, nikaanza upya kana kwamba sijawahi kumwona.

Dakika kumi za kusikiliza

Kwanza aliongea tu, kuhusu bei ya debe. Neno lilikuwa linaanza, linabanwa kama mtu aliyeshikwa koo, linakatika, kisha kipande cha mwisho kinaruka nje kwa nguvu. Mishipa ya shingo ilimsimama. Pumzi yake alipokuwa kimya ilikuwa tulivu, bila mluzi wala kuhema.

Nikamwomba anong'one. Mnong'ono ukatoka mlaini, bila mkato hata mmoja. Nikamwomba aimbe ubeti wa wimbo wowote wa kanisani. Akaimba ubeti mzima, sauti nene na iliyonyooka, hadi nesi wa chumba cha pili akachungulia. Nikamwomba ayaseme maneno yale yale ya ubeti bila kuyaimba. Kwenye neno la tatu akakwama. Sijui njia iliyo wazi zaidi ya hiyo ya kumwonyesha mgonjwa na ndugu zake kwamba hapa hakuna kujifanya: midomo ni ile ile, maneno ni yale yale, pumzi ni ile ile, lakini njia ya ubongo inayoendesha wimbo si ile inayoendesha mazungumzo.

Kisha tukahesabu, na hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho sikukipata darasani.

Kwa Kiswahili, “moja” ilibanwa, “mbili” ikabanwa, “tatu” ikatoka karibu safi, “nne” ikakwama, halafu “tano, sita, saba” zikapita kwa nafuu, “nane” ikamshika tena, “tisa” na “kumi” zikatoka. Nikamwomba ahesabu kwa Dholuo, lugha anayoitumia kuhesabia madebe kila siku. *Achiel, ariyo, adek, ang'wen, abich, auchiel, abiriyo, aboro, ochiko, apar.* Alikwama kwenye kila namba. Zote kumi. Ilimchukua karibu dakika nzima, na alipofika *apar* alikuwa na jasho kwenye paji la uso.

Tazama herufi ya kwanza ya kila namba hiyo ya Dholuo. Ni irabu, kuanzia ya kwanza hadi ya kumi. Neno linaloanza kwa irabu huzitaka nyuzi za sauti zikutane kabla sauti haijatoka, na kukutana huko ndiko kunakomponza, kwa sababu zikishakutana zinajibana na kukataa kuachana. Herufi kama *t*, *s*, *k* na *f* hutamkwa nyuzi zikiwa wazi, kwa hiyo humpa nafasi ndogo ya kuponyoka. Madaktari wanaotumia Kiingereza wana sentensi zao za kupimia, zilizojaa irabu na sauti zenye mtetemo. Sisi wa Kisumu tuna kipimo kinachohesabiwa sokoni kila asubuhi.

Nyumbani walikuwa wameliona jambo hilo muda mrefu, kwamba lugha ya mama inamshinda kuliko Kiswahili, na wakalipa maana yao: wazee waliokufa wamemfunga ulimi. Ugonjwa ulianza wiki chache baada ya kumzika mama mkwe, baada ya mafua makali na siku nyingi za kilio. Niliwaeleza kwa heshima, kwa sababu walichokiona kilikuwa cha kweli. Walikosa tu kujua kwamba ni irabu. Wagonjwa wengi wa hali hii husimulia mafua au huzuni kabla ya mwanzo wake, lakini asitokee mtu akahitimisha kwamba huzuni ndiyo ugonjwa.

Kwa wenzangu wanaotaka sentensi za Kiswahili, natumia mbili nilizozitunga mwenyewe. “Nimeona ng'ombe mmoja nyumbani mwa bibi” haina hata herufi moja inayozifungua nyuzi. Inamkwamisha mwenye aina ya kwanza ya ugonjwa huu, ya kubana. “Kaka Hassan hakupika chapati” imejaa herufi za pumzi. Hiyo inamkwamisha mwenye aina ya pili, ya kuachia, ambaye nyuzi zake hufunguka bila kuitwa na sauti ikatoroka kama upepo kwenye tairi. Aina ya kubana ndiyo ya wengi sana. Mgonjwa wetu alikwama mara 7 kwenye ng'ombe wa bibi, na mara 2 tu kwenye chapati.

Mwisho nilimwomba avute “aaaa” kwa muda anaoweza. Hapa natafuta mtetemeko. Mtetemeko wa sauti huja kwa mawimbi yaliyo sawasawa, unaweza kuyapigia kidole mezani. Mkakamao hukatika ovyo. Wake ulikatika ovyo. Mikono aliyoinyoosha ilitulia, kikombe cha maji hakikumwagika, na mduara wa konokono aliouchora kwenye karatasi ulikuwa laini. Macho hayakupepesa kupita kiasi, shingo haikupinda. Nilimuuliza pia kuhusu metoklopramidi, ile dawa ya kuzuia kutapika inayouzwa hovyo kwenye maduka yetu ya dawa, na kuhusu haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, kwa sababu zote mbili zinaweza kuleta mkakamao wa misuli. Hakuwa ametumia yoyote.

Kamera ya kupitia puani tulimpitisha wiki iliyofuata, baada ya kumpulizia ganzi ya lignokaini. Akipumua, nyuzi zilikaa wazi, pembetatu safi. Akinong'ona, kimya. Akisema habari za ng'ombe, zilijifunga kwa kishindo na mikunjo ya juu yake ikazifunika. Hata hivyo kamera haikunipa jibu. Ilinihakikishia tu kwamba hakuna uvimbe, kidonda wala uzi uliopooza, na hilo halikwepeki: sauti iliyoharibika zaidi ya wiki 4 ni lazima kongomeo lionekane kwa macho kabla ya mtu kutamka neno lolote kuhusu mishipa ya fahamu. Jibu lilikuwa limeshatolewa na masikio.

Kilichobaki kutenganishwa

Kuna hali inayofanana sana na hii, misuli ya kongomeo kukazwa kwa mazoea mabaya ya kuongea. Mwenye hali hiyo sauti yake hubanwa karibu muda wote, irabu au si irabu, na husikia nafuu kwa mazoezi ya sauti. Kwa hiyo hatukuruka hatua. Alifanya vipindi 8 vya tiba ya usemi: pumzi ya tumboni, na kukandwa shingo kwa kidole gumba na cha shahada juu ya kongomeo, kulishusha polepole. Maumivu ya shingo yaliisha, na usingizi ukawa bora. Mikato ya sauti ilibaki pale pale. Hapo nikaandika kwenye kitabu chake cha nne: distonia ya kongomeo, yaani misuli yake kukakamaa kwa amri potofu za ubongo, aina ya kubana.

Jina la zamani ni disfonia ya mkakamao. Ludwig Traube, daktari Mjerumani, aliieleza mwaka 1871 akaihesabu kuwa ni ya neva kwa maana ya wasiwasi, na kwa karibu miaka 100 wagonjwa walipelekwa kwa madaktari wa akili. Mwaka 1968 Arnold Aronson na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, waliwachunguza wagonjwa hawa na kuonyesha kwamba akili zao hazina tofauti na za watu wengine, na kwamba dalili zao ni za mfumo wa fahamu. Ni ndugu ya ule ugonjwa wa mkono unaokakamaa mtu akishika kalamu tu. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume, mara nyingi katika umri wa makamo. Hauambukizi, haugeuki saratani, haufupishi maisha. Nilipomwambia hayo mama yetu aliniuliza swali moja: “Kwa hiyo si mimi ninayeleta?” Nikamwambia si wewe.

Nikamwonyesha video kwenye simu. Robert F. Kennedy Jr., aliyeapishwa kuwa waziri wa afya wa Marekani Februari 2025, ana ugonjwa huu na ameusema hadharani. Kiingereza kilimpita, lakini sauti haikuhitaji kutafsiriwa. Aliisikiliza mara 3, wifi akamshika mkono. Sijawahi kuona kijitabu cha maelezo kikifanya kazi iliyofanywa na dakika ile.

Sindano

Dawa ya kuuponya ugonjwa huu moja kwa moja haipo, na niliona afadhali alisikie hilo mapema kutoka kwangu. Mwaka 1976 Herbert Dedo wa San Francisco alianza kukata neva moja ya kongomeo. Sauti ililegea, lakini miaka michache baadaye wengi walirudiwa. Kilichodumu ni sumu ya botulini, inayojulikana mitaani kwa jina la Botox, ambayo Andrew Blitzer aliidunga kwenye kongomeo kwa mara ya kwanza New York mwaka 1984. Huzuia ujumbe wa neva usiufikie msuli. Msuli unalegea, na kwa kuwa neva huotesha ncha mpya, nguvu hurudi baada ya miezi 3 hadi 4. Basi sindano hurudiwa maisha yote, au mpaka mgonjwa aamue vingine.

Kabla ya rufaa nilihakikisha hana mimba, hanyonyeshi, na hana dalili za miasthenia, ugonjwa wa misuli kuchoka: kope hazikumlegea nilipomwambia atazame juu kwa muda. Nikamwandikia pia kwa wino mwekundu asidungwe gentamisini, aina ya antibayotiki, karibu na siku za sindano, kwa sababu huongeza nguvu ya sumu hii, na kwetu gentamisini hutolewa kwa urahisi.

Sindano ilifanyika Nairobi, mwanzoni mwa Novemba. Chupa moja ya kawaida ina yuniti 100. Yeye alihitaji 1.25 kila upande, yaani tone. Ikishachanganywa na maji ya chumvi inatakiwa itumike ndani ya saa 24, ndiyo maana daktari wa huko hupanga wagonjwa kadhaa siku moja. Kila mpangilio wa namna hiyo unapunguza gharama, nami ningependa hospitali zetu za magharibi ziuige, maana friji ya nyuzijoto 2 hadi 8 tunayo kila mahali palipo na chanjo. Gharama alilipa kwa mkopo wa chama chake cha akina mama.

Alinisimulia mwenyewe ilivyokuwa. Alilazwa chali, shingo ikanyoshwa, sindano nyembamba ikapita kwenye utando mdogo ulio chini ya kifundo cha koo. Sindano ile imeunganishwa na mashine ya elektromiografia, inayosikiliza umeme wa misuli, yenye spika. Daktari akamwambia sema “iii”, na mashine ikanguruma kama mvua juu ya mabati; huo ndio msuli wenyewe. Dawa ikasukumwa. Upande wa pili vivyo hivyo. Dakika chache, akashuka kitandani.

Nilikuwa nimemwandaa kwa siku mbaya, na zilikuja. Siku ya pili sauti ililegea. Siku ya 5 ilikuwa pumzi tupu, na maji yakawa yanampalia. Tulishakubaliana: anywe kidogo kidogo, kidevu kikielekea kifuani, na uji mzito badala ya chai. Asiyeambiwa haya hufikiri ameharibiwa, na wengine hawarudi kwa sindano ya pili. Mikato iliisha siku ya 9. Siku ya 16 alinipigia simu. Hakunituma ujumbe, alipiga, akaagiza kwa majaribio: “Daktari, nikuletee debe ngapi?” Nikamwomba ahesabu kwa Dholuo. Alifika *apar* bila kusimama.

Kuna maswali 10 tunayotumia kupima mzigo wa sauti katika maisha ya mtu, kila moja alama 0 hadi 4. Kabla ya sindano alikuwa na 33 kati ya 40. Wiki ya 6 alikuwa na 11. Zile alama 11 zilizobaki karibu zote ni za simu: bado huogopa kupokea namba asiyoijua. Woga huo hauondolewi na botulini, na tunaendelea na tiba ya usemi kwa ajili yake. Mimi naiona tiba hiyo kuwa nusu ya matibabu, ingawa wengi huiacha mara sindano inapofanya kazi.

Nguvu ya dawa ilidumu wiki 14. Mwisho wa Februari alidungwa tena, safari hii yuniti 1 kila upande kwa sababu ya yale maji yaliyompalia. Siku za sauti ya pumzi zilipungua hadi 6, na nafuu ikafika katikati ya Juni. Kipimo bora cha mtu hupatikana hivyo, kwa daftari la siku, na yeye analiandika vizuri kuliko nilivyoandika mimi siku ile ya kwanza.

Sasa ratiba anaipanga yeye kufuata ziwa. Uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaane, na miezi hiyo simu yake hulia kidogo. Hakutaka kudungwa Juni, sauti ilipoanza kubana. Alisema hana wa kumuagizia. Sindano ya tatu imewekwa wiki ya pili ya Julai, ili siku za pumzi ziishe kabla ya tarehe 1 Agosti, mashua zitakapoingia tena ziwani.